RAM ipi ununue kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani: kuanzia ya uhakika hadi ya kuepuka

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko majumbani kwetu hazikununuliwa mpya. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk au Lenovo ThinkCentre zilizotumika maofisini Ulaya, zikaja kwa makontena, zikauzwa Kariakoo au mtaa wa Luthuli kule Nairobi. Ni mashine imara sana. Shida ni kwamba nyingi huuzwa zikiwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) ya GB 4, na ukifungua Word pamoja na kurasa kadhaa za intaneti, tayari zimezidiwa.

Mtu anakwenda dukani, anasema "nataka RAM ya GB 8," anapewa, anafika nyumbani, kompyuta haiwaki. Muuzaji huenda hakumdanganya kabisa. GB ni jibu la swali moja tu, na yapo mengine matatu au manne ambayo hayakuulizwa. Kwa hiyo machaguo yaliyo hapa chini nimeyapanga kwa kigezo kimoja: uwezekano kwamba ukichomeka, mashine itawaka na itaendelea kuwaka mwezi ujao. Bei na jina la kampuni nimeviweka nyuma ya hapo.

Kwanza ijue mashine yako

Aina za RAM haziingiliani. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, DDR5 nayo ina pini 288, lakini volti ni 1.1 na pengo la katikati limewekwa mahali pengine. Ukiona kipande hakikai kwenye sloti, yaani nafasi ya kukichomekea, usikisukume kwa nguvu. Pengo hilo liliwekwa makusudi likuzuie.

Kwa prosesa za Intel, kizazi cha pili hadi cha nne ni DDR3. Kizazi cha nane na cha tisa ni DDR4. Kizazi cha 12, kilichotoka mwaka 2021, kinaweza kuwa DDR4 au DDR5 kutegemea bodi kuu ya kompyuta. Kwa AMD Ryzen, bodi za AM4 ni DDR4 na za AM5 ni DDR5 pekee.

Kizazi cha sita ndicho chenye mtego, na ndicho kilichojaa madukani. OptiPlex 7040 inatumia DDR4, ilhali ndugu zake wa mwaka uleule, 3040 na 5040, zinatumia DDR3L, yaani DDR3 ya volti 1.35. Prosesa ni za kizazi kilekile, makasha yanafanana, na bado RAM ya mmoja haiingii kwa mwenzake. Ndiyo maana kutaja "Core i5" dukani hakutoshi. Taja modeli ya mashine yenyewe.

Njia rahisi kuliko zote ni kufungua kasha na kusoma stika ya RAM iliyomo. Utakuta maandishi kama haya: 8GB 2Rx8 PC3L-12800U. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Herufi L ni ya volti ndogo. Namba 12800 ni kasi, sawa na DDR3 ya 1600. Kwenye DDR4 kasi huandikwa waziwazi, kwa mfano PC4-2400T-U au PC4-2666V-U. Herufi inayokuja baada ya kasi (kwenye DDR4, ile iliyo baada ya kistari cha pili) ndiyo ya kukariri: U ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida, S ni ya laptopu, E na R ni za serva na mashine za kazi nzito. Piga picha stika hiyo, uende nayo dukani.

Lakini angalizo: zile OptiPlex na EliteDesk ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu, ni za mezani kwa jina lakini hutumia RAM fupi ya laptopu yenye herufi S.

Usipotaka kufungua kasha, Task Manager ya Windows, sehemu ya Performance kisha Memory, itakuonyesha kasi na idadi ya sloti zilizotumika. Kwenye Linux andika sudo dmidecode -t memory. Angalia pia kikomo cha mashine: OptiPlex 3020 ina sloti mbili na inaishia GB 16, wakati 7010 ya kasha kubwa ina sloti nne na inafika GB 32. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukijaza sloti zote. Hiyo ibadilishe kwanza.

1. Vipande viwili pacha vilivyotumika, vya Samsung, SK Hynix au Micron

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa mashine za DDR3 na DDR4, na najua litawashangaza wanaoamini kwamba kipya ni bora siku zote. Kampuni hizi tatu ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani, na Dell na HP zilizitumia kiwandani. Kipande kilichotolewa kwenye OptiPlex nyingine kimeshafanya kazi miaka kadhaa ndani ya mashine kama yako. RAM haina kitu kinachozunguka wala kusuguana. Iliyodumu hadi leo bila kosa ina kila sababu ya kuendelea kudumu.

Kwa nini viwili? Kwa sababu prosesa huzungumza na RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja. GB 4 mbili zina kasi kuliko GB 8 moja, na tofauti huonekana zaidi kwenye mashine zisizo na kadi ya picha, kwani picha zinazoonyeshwa kwenye skrini nazo hukopa RAM hiyohiyo. Ukiwa na sloti nne, vipande pacha huwekwa kwenye sloti za rangi moja katika mashine nyingi. Mchoro wa kuonyesha mpangilio mara nyingi umebandikwa upande wa ndani wa kifuniko.

Kama ni DDR3, omba yenye herufi L. DDR3L hukubali volti 1.35 na 1.5, hivyo inafaa mashine za zamani na hizo za kizazi cha sita. DDR3 ya kawaida haina uhuru huo.

2. Mpya ya kasi ya kawaida kutoka kampuni inayojulikana

Kingston na Crucial ndizo utakazokutana nazo. Kwa DDR5 hili linapanda kuwa namba moja, kwani za kutumika bado si nyingi. Kwa DDR4 ni chaguo zuri kama unataka waranti iliyoandikwa. Tatizo ni pesa: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya kwa sababu viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili bandia, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuacha kuuza Crucial, ambayo ni chapa yake, kwa wateja wa kawaida. Stika za kughushi pia zipo, hasa za Kingston. Maandishi yaliyofifia, au namba za chipu zilizokwanguliwa, ni sababu ya kutosha kukirudisha kipande mezani kwa muuzaji.

3. Kuongeza kimoja juu ya ulichonacho

Una GB 4, unaongeza GB 4 au 8 ya kampuni nyingine. Mara nyingi inakubali, mradi aina na herufi zifanane. Vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Kwa mwenye bajeti ndogo hili ni jambo la busara kabisa, na GB 12 za mchanganyiko ni bora kuliko GB 4 safi. Ila hakikisha unajaribu dukani, maana vipande visivyoelewana huweza kuwaka vizuri na kuanza kukwama baada ya saa mbili.

4. RAM ya gemu yenye mabati na taa

Ni bidhaa nzuri, kwa bodi iliyotengenezwa kwa ajili yake. OptiPlex au ProDesk ya ofisini haina mpangilio wa kuipandisha hadi kasi iliyoandikwa kwenye boksi, kwa hiyo utalipia 3600 na kupata 2400 au 2666. Kwenye kasha jembamba hata urefu wa yale mabati unaweza kugonga fremu ya diski. Kama mashine uliiunda mwenyewe kwa Ryzen, hesabu ni nyingine, nunua.

5. GB 8 mpya za DDR3 zisizo na jina

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Nyingi ya hizi GB 8 za bei rahisi zimepangwa chipu kwa namna ambayo AMD za zamani huikubali na Intel huikataa. Baadhi zimeandikwa wazi kuwa ni za AMD, nyingine hazisemi kitu. Kwa prosesa ya Intel ya kizazi cha pili hadi cha nne, tafuta GB 8 yenye chipu 16, nane kila upande, na maandishi 2Rx8. Ukiona GB 8 ya DDR3 yenye chipu upande mmoja tu, iache.

6. RAM ya serva

Utaiona GB 16 ya DDR3 kwa bei ya GB 4 na moyo utakudunda. Geuza stika: PC3-12800R. Hiyo R inamaanisha haitawaka kwenye mashine yako, na hakuna fundi atakayeiwasha. Mara nyingi huwa na chipu tisa kwa upande au zaidi badala ya nane.

GB ngapi?

Nane zinatosha kuandika, intaneti, masomo ya watoto na video. Kumi na sita ni kwa anayehariri picha na video au anayeacha kurasa thelathini wazi. Na kama mashine bado inatumia diski ya kuzunguka, nakusihi nunua GB 8 badala ya 16 na chenji uiweke kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Utaona tofauti kubwa zaidi. Prosesa za Intel za chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiimwagie mashine ya namna hiyo pesa nyingi kupita thamani yake.

Siku ya kununua

Ukiweza, beba kasha lenyewe hadi dukani. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha, ndipo uchomeke RAM hadi vishikizo vifunge vyenyewe. Isipowaka, jaribu kipande kimoja kimoja na sloti moja moja, na ufute pini kwa kifutio cha penseli kabla ya kukata tamaa.

Mkubaliane siku za kubadilishiwa na ziandikwe kwenye risiti. Usiku huo iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi hadi asubuhi. Likitokea kosa moja tu, rudisha. RAM yenye kosa moja huharibu mafaili kimyakimya. Kile kipande cha zamani cha GB 4 kiweke kwenye droo, kwani siku mashine ikigoma kuwaka ndicho utakachochomeka kwanza kujua kama tatizo ni RAM au ni bodi.