Kinanda cha mtumba kutoka Japani, na kaka aliyeniambia niweke kitambaa juu

Nianze na sifa, maana nikianza na yule kaka wa dukani nitamaliza sijasema kinanda chenyewe kikoje.

Ni Electone, kinanda cha umeme cha Yamaha, ya miaka ya 1970, safu mbili za vitufe na pedeli za besi miguuni. Kwa mbali utadhani kabati la vyombo. Mimi napiga vinanda vya kwaya miaka mingi, hivi vya plastiki vyenye sauti mamia na zote zinafanana. Hiki kina swichi ya kutelezesha: ukiibonyeza sauti inashuka kidogo, ukiiachia inapanda tena ikilia kama fidla ya taarabu. Kuna kijiti unakisukuma kwa goti, ukishaachia kidole sauti inabaki inaelea, inafifia polepole. Mdundo wa rumba nao umo, ila ni rumba ya Kijapani, si ya Sikinde wala Msondo. Wanangu wakiisikia wanacheka mpaka wanakaa chini.

Basi dukani, Kariakoo, nikakipiga nusu saa nzima, nikalipa bila hata kuomba punguzo. Yule kaka alipoona nimelainika akaongeza chumvi, eti ndicho alichopiga Stevie Wonder. Kaka, Stevie Wonder alikuwa na GX-1, Electone kubwa ile yenye safu ya tatu ya vitufe vidogo juu, ambayo Yamaha waliitumia kama msingi wa sintesaiza yao ya CS-80. Hiki ni binamu wa mbali. Nikanyamaza, nilikuwa na furaha.

Dukani kilikuwa kimechomekwa kwenye transfoma, kwa sababu umeme wa nyumbani Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Transfoma ikabaki dukani, "haimo kwenye bei, mama." Sawa. Nikakodi kirikuu, vijana wawili wa duka wakaja nacho. Wakakiingiza sebuleni, na kabla sijavua viatu mmoja ameshachomeka ukutani. Pa! Harufu ya kuungua nyumba nzima. Fyuzi ilikatika, na hiyo ndiyo kazi yake, Mungu aibariki. Lakini yule kijana akaichomoa, akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaanza kuizungushia karatasi ile ya fedha, ili umeme upite tu bila kinga. Mbele yangu! Nikawatoa wote wawili.

Nikanunua transfoma na fyuzi kwa hela yangu. Kikawaka. Nikapiga noti ya C, kinalia. E, kinalia. F, kimya. Nikashuka F ya chini, kimya. Safu ya pili, kimya. Wanaojua vinanda hivi wameshaelewa. Sauti inaanzia kwenye noti 12 tu za juu kabisa, za chini zote zinapatikana kwa kuigawa mitetemo ya ile ya juu kwa mbili, kisha kwa mbili tena. F ya juu ikifa, ukoo mzima wa F umezikwa.

Mazoezi ya kwaya tunafanyia kwangu. Wiki kadhaa tukaimba kila kitu kwa ufunguo wa G au D, maana humo F ya kawaida haimo, ni F shapu. Nyimbo tulizozoea kwa F nikazipandisha G. Soprano wakawa wananitazama kama nina deni lao.

Nikarudi dukani. Yule kaka hakuinua hata macho kwenye simu. Nikamweleza. Akasema, "Mama, mtumba ni mtumba." Nikaeleza tena, nikamtajia karatasi ya sigara. Ndipo akanijibu: "Sasa si ukiweke sebuleni, utandike kitambaa, juu uweke TV? Kinapendeza." Na mteja mwingine akacheka. Kitambaa! Mimi ninayefundisha kwaya! Siku ile niliapa duka lile wasinione tena, na kila aliyeniuliza nilimwambia akimbie.

Halafu nikapata mzee mmoja Magomeni, fundi redio tangu enzi za redio za mbao. Akafungua mgongo wa kinanda, akanifanya nishike tochi, akachukua njiti ya kiberiti akawa anagusa kwenye bodi, hapa, hapa, hapa. Nikiwa nimeikandamiza F kwa kidole. Akagusa sehemu moja, F ikalia! Akainua njiti, ikafa. Akagusa, ikalia. "Lehemu imeachia, mwanangu. Huu si umeme, ni mtikisiko." Akalehemu upya, dakika mbili, bei ya chipsi mayai.

Mtikisiko. Kirikuu nilikikodi mimi, na aliyemwambia dereva apite njia ya mkato yenye mashimo kuokoa elfu tano ni mimi. Kwa hiyo la F nimemsamehe yule kaka, labda. La fyuzi bado. La kitambaa sisamehi.

Kinanda nakipenda kuliko chochote nilichowahi kununua. Duka, sijui niseme nini. Juzi kaka kanipigia, anajifanya hatujagombana, eti ameshusha kontena, kuna kingine kina swichi nyingi zaidi. Nikamwambia asinipigie tena. Kabla hajakata nikamuuliza kina safu ngapi.