Kipimo cha Kujithamini cha Rosenberg: kauli kumi, na moja inayoteleza

Huu ni mwaka wa tatu ninakitumia Kipimo cha Rosenberg katika kazi ya ushauri nasaha shuleni, na sijapata chombo chepesi kukizidi. Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, alikichapisha mwaka 1965 baada ya kukusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 5,000 wa sekondari katika jimbo la New York, kwa hiyo tangu mwanzo kilitungwa kwa ajili ya vijana. Kauli ni 10, majibu ni manne, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", na darasa zima humaliza mapema, kipindi kikiwa bado kibichi.

Kasoro yake nimeikuta kwenye lugha. Katika tafsiri niliyoanza nayo, kauli ya nane ilisomeka, "Natamani ningejiheshimu zaidi." Binti mmoja wa kidato cha pili aliinua kalamu akauliza, "Madam, hapa wanauliza moyo au mavazi?" Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa neno "jiheshimu" msichana huambiwa akivaa sketi fupi au akichelewa kurudi nyumbani. Anayeikubali kauli hiyo huwa anaonyesha adabu, lakini kipimo humpunguzia alama kana kwamba anajidharau. Siku hizi naandika, "Natamani ningejiona wa thamani zaidi," na swali lile halijarudi.

Kauli tano ni za upande hasi, na alama zake lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha. Mara ya kwanza nilisahau (nakiri), nikaona darasa zima limerundikana karibu na 15 katika kipimo cha 0 hadi 30, mchangamfu na mnyonge wakiwa sawa. Wanafunzi nao hujikwaa hapohapo, kwa sababu anayejithamini hulazimika kujibu "sikubali" mbele ya "Sina mengi ya kujivunia". Kauli hizo huwa nazisoma kwa sauti, taratibu.

Matumizi ni bure. Ila anayetaka kujua kijana anajionaje katika hesabu, sura au urafiki asikitegemee, maana kinampima mtu kwa ujumla wake. Kwa hayo mimi huweka karatasi kando, nikamwita mwanafunzi tukazungumza kwenye benchi nje ya ofisi.