Kuchonga silinda na kupunguza hedi Gerezani: nyota tano na nyota mbili

Karakana moja ya eneo la Gerezani, Dar es Salaam, imenifanyia kazi mbili za injini ya pikipiki ya Suzuki GN125: kuchonga silinda kutoka 57 mm hadi 58 mm, na kupunguza uso wa hedi (kifuniko cha juu ya silinda), niliyoagiza ikatwe 0.5 mm. Kamshafti niliyofunga (shafti ya kwenye hedi inayofungua valvu) inainua valvu juu zaidi kuliko ile ya kiwandani. Silinda nawapa nyota tano. Hedi, mbili.

Kwenye silinda walidai pistoni kwanza ndipo wachonge. Hapo ndipo unapomjua fundi, kwa sababu namba ya kwenye boksi si kipimo cha pistoni yenyewe. Nafasi kati ya pistoni na ukuta imetoka 0.04 mm juu, katikati na chini. Ringi nilizipiga tupa hadi mwanya wa 0.25 mm, ukibana zaidi, joto la foleni ya Ubungo litakutanisha ncha zake na ukuta mpya utakwaruzika.

Hedi walikata 0.8 mm. Hiyo 0.3 ya ziada inaonekana ndogo, kumbe inagusa taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufunga. Hedi ikishuka, kamshafti inaisogelea kranki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), tensha, yaani kikaza cheni, inakula ulegevu wa cheni inayoziunganisha, na kamshafti inabaki nyuma. Sproketi (gurudumu la meno la kamshafti) ya meno 34 kwa cheni ya pichi 6.35 mm, yaani nafasi ya jino hadi jino, ina mzingo wa karibu 216 mm. Kwa hiyo 0.8 mm ni digrii 1.3 za kamshafti, sawa na 2.7 za kranki. Usijaribu kuruka jino: jino moja ni digrii 21 za kranki!

Anayeumia ni valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi. Imeshushwa karibu na pistoni, na bado inachelewa kufunga wakati pistoni inapanda. Pima kwa plastisini ya watoto: bandika kipande juu ya pistoni, paka oili kidogo kisinate kwenye valvu, funga hedi na gasketi yake kwa nguvu kamili, kaza tensha, kisha zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili, taratibu. Ukihisi inagoma, acha hapo hapo. Ukifungua utaona alama ya valvu imezama kama kidole kwenye ugali. Kata katikati kwa wembe, pima pale palipo pembamba zaidi. Yangu ilisoma inteki (valvu ya kuingiza hewa na mafuta) 2.0 mm, ekzosi 1.3. Mimi siwashi injini nafasi hiyo ikiwa chini ya 1.5 kwa inteki na 2.0 kwa ekzosi, maana ekzosi inatanuka kwa moto.

Matundu ya boliti na pini ya sproketi niliyarefusha kwa tupa ndogo, robo milimita tu, nikairudisha kamshafti mbele. Ekzosi ikafika 1.5, inteki ikashuka 1.8. Pini haishikilii tena, hivyo boliti lazima zipakwe gundi ya kuzuia nyuzi zake zisilegee. Kilichobaki ni kuchimba kifuko cha ekzosi kwenye pistoni (kishimo cha kuipisha valvu) 0.6 mm, baada ya kupima unene wa kichwa chake. Hiyo kazi karakana ileile waliifanya kwa usafi kabisa, ila walinitoza.

Ukiwapelekea hedi, andika kipimo juu yake kwa maka peni, na upime unene wake mbele yao kabla haijapanda mashine na ikishuka.