Miezi Kumi na Minne kwenye Seva ya Minecraft Yenye Ulimwengu wa Uchimbaji Unaofanywa Upya: Uzoefu Wangu

Nilihamia kwenye seva hii (kompyuta ya mtandaoni ambako watu wengi hucheza pamoja) ya Minecraft, mchezo wa kuchimba na kujenga kwa bloku, toleo la Java linalochezwa kwenye kompyuta, baada ya kuchoshwa na seva niliyokuwa nikicheza kabla yake. Ile ya kwanza ilikuwa na ulimwengu mmoja tu, uliowekewa mpaka wa bloku 1,500 kutoka katikati kila upande, na watu walikuwa wameuchimba kwa zaidi ya miaka miwili. Nilishuka hadi kimo cha -59, yaani karibu na chini kabisa ya ulimwengu, ambako almasi zimekuwa nyingi tangu toleo la 1.18 lilipotoka Novemba 2021, nikachimba jioni tatu mfululizo, lakini kila nilikoelekea niliangukia kwenye mahandaki ya waliotangulia, mienge yao ikiwa bado inawaka ukutani. Mchezaji mmoja mkongwe aliponiona nikihangaika aliniandikia, "Kaka, huku chini wenzako walishamaliza. Ukitaka almasi, njoo ununue kwangu." Bei aliyoitaja nisingeweza kuilipa hata kwa mwezi mzima, kwa sababu mgeni hana cha kuuza mahali ambapo wenyeji wana kila kitu.

Siwalaumu wachezaji wale, kwani ndivyo mchezo wenyewe ulivyoundwa. Minecraft hupanga madini mara moja tu, pale kipande cha ardhi cha bloku 16 kwa 16, tunachokiita chanki, kinapoumbwa kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hakuna kanuni inayoyarudisha. Miti hupandwa upya, mawe hupatikana bila kikomo pale lava inapokutana na maji, na chuma huvunwa kwa kujenga mtambo ambamo wanakijiji huita majitu ya chuma yanayouawa humo humo. Almasi zilizo ardhini, pamoja na yale mabaki ya kale ya Nether, ulimwengu wa pili wa mchezo uliojaa moto, yanayoyeyushwa ili kupata netheraiti, madini yanayoshinda almasi kwa ugumu, zikishachimbwa zimekwisha. Mwenye seva ndiye anayepaswa kutafuta namna ya kuzirudisha.

Niliwahi kuonja njia nyingine mbili. Kwenye seva moja kulikuwa na mgodi wa pamoja ambamo kila bloku ilirudi dakika chache baada ya kuvunjwa. Hakuna aliyekosa kitu, lakini baada ya wiki mbili nilihisi kwamba nafanya kibarua cha kupiga ukuta ule ule, bila pango jipya wala jambo lolote la kushangaza. Njia ya pili ilikuwa kusogeza mpaka nje kidogo kidogo, nayo ilimfanya mchezaji asafiri umbali mrefu zaidi kila msimu, huku faili za ulimwengu zikizidi kuvimba kwenye diski.

Seva ninayoieleza hapa imetenganisha mambo mawili ambayo kwingine yamechanganywa. Kuna ulimwengu wa makazi, ambao haufutwi kamwe, na kuna ulimwengu wa uchimbaji, pamoja na Nether yake, unaofutwa na kuumbwa upya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wasimamizi wanatumia plagini (programu ya nyongeza ya seva) ya Multiverse-Core kuendesha ulimwengu zaidi ya mmoja ndani ya seva moja, na kabla ya kufungua lango huacha plagini ya Chunky iumbe chanki zote zilizo ndani ya mpaka, ili seva isikwame pale watu wengi wanapotawanyika kwa pamoja. Mizigo na makasha ya ender, yaani hifadhi binafsi ya kila mchezaji, ni yale yale katika kila ulimwengu, hivyo nilichokichimba nakibeba hadi nyumbani bila kizuizi.

Jumamosi yangu ya kwanza bado naikumbuka vizuri. Nilipita langoni nikajikuta kwenye msitu ambao hakuna mti uliokatwa, nikateremka kupitia pango lililofika chini kabisa, na kwa muda wa saa mbili hivi nilivunja bloku 31 za almasi. Sururu yangu ilikuwa na Fortune III, nguvu ya kichawi ya kuongeza mavuno, ambayo kwa wastani hutoa almasi 2.2 kwa kila bloku, na nilirudi mjini na almasi 70. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza na watu wengine, nilikuwa na kitu cha kupeleka sokoni. Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa ya mpango huu: mchezaji aliyejiunga jana na yule mwenye miaka mitatu husimama mbele ya lango moja wakiwa na ardhi ile ile isiyoguswa, na anayefanya kazi ndiye anayepata.

Haikuwa shwari tangu mwanzo. Katika miezi miwili ya awali wasimamizi walifuta ulimwengu lakini wakautengeneza tena kwa namba ile ile ya mbegu, yaani namba ambayo mchezo huitumia kuumba ulimwengu. Mbegu ndiyo inayoamua kila mlima na kila jiwe litakaa wapi, kwa hiyo ardhi iliyorudi ilikuwa nakala kamili ya ile iliyofutwa, na wachezaji waliokuwa wameandika mahali zilipo almasi walienda moja kwa moja, wakazivuna kabla wengine hawajatafuta hata pango. Tulilalamika, na nashukuru kwamba tulisikilizwa. Tangu wakati huo mbegu hubadilishwa kila mwezi na kufichwa. Mtu yeyote anayefikiria kuendesha seva ya namna hii alizingatie jambo hili kabla ya mengine yote.

Mimi mwenyewe nilipata hasara kwenye ufutaji wa tatu. Tangazo lilisema kazi ingeanza saa 12:00 UTC, yaani saa ya kimataifa. Nilisoma saa kumi na mbili kama tunavyozihesabu saa huku kwetu Morogoro, nikapanga kuhamisha vitu vyangu jioni, ilhali saa hiyo kwetu ni saa tisa alasiri. Niliporudi kutoka kazini ulimwengu ulikuwa umeshafutwa pamoja na makasha yangu mawili, moja likiwa na mabaki ya kale niliyoyakusanya kwa wiki nzima. Niliumia sana. Nilipowaeleza wasimamizi, hawakunirudishia vitu, ila waliongeza onyo linaloonekana kwenye skrini mara tatu, yaani saa 24 kabla ya kufuta, kisha saa moja kabla, kisha dakika kumi kabla, likihesabu muda uliobaki badala ya kutaja saa. Tangu hapo sijasikia mchezaji aliyepoteza mali kwa kutoelewa saa. Kwa tahadhari zaidi, vitu vya thamani naviweka kwenye kasha la ender, kwa kuwa yaliyomo ndani yake humfuata mchezaji mwenyewe na hayafutiki pamoja na ardhi.

Kasoro ninayoiona hadi leo ni End, ulimwengu wa tatu wa mchezo wenye visiwa vinavyoelea. Ulimwengu huo haumo kwenye ratiba, na kila meli inayopatikana kwenye miji ya End ina jozi moja tu ya elytra, mabawa ya kurukia, ambayo ikishachukuliwa haizaliwi nyingine. Visiwa vya mbali huanzia kama bloku 1,000 kutoka katikati, na meli zote za karibu zilimalizwa zamani, hivyo mgeni wetu wa leo anakutana huko na hali ile ile iliyonifukuza kwenye seva yangu ya kwanza. Kuifuta End yote hakufai, kwa kuwa wapo waliojenga mitambo mikubwa humo. Mwezi uliopita niliwaandikia wasimamizi kupendekeza watumie programu ya MCA Selector, inayoweza kuchuja chanki kwa kuangalia muda ambao wachezaji wamekaa ndani yake, ili wafute zile zilizopitiwa tu na kuziacha zilizojengwa. Msimamizi mmoja alinijibu kwamba watalijaribu kwenye nakala ya pembeni kwanza, akaniomba nimpelekee orodha ya mitambo ninayoifahamu huko End. Nimeanza kuizungukia mmoja mmoja, na hadi jana nilikuwa nimeandika 11.