Lami ya getini kwetu, na jibu la "muulize mzee akirudi"

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikijiambia niliache, lakini kila jua likiwaka nikatoka kufungua geti, kiatu kinanata na hasira inarudi upya. Basi naandika.

Kwetu ni Forest, hapa Mbeya, nyumba iko mteremkoni. Kutoka getini hadi barazani kuna njia ya lami, mita kama 30 hivi. Aliyeiweka ni marehemu mume wangu. Alifanya kazi za barabara maisha yake yote, na tulipojenga alisema hataki tope la kifuku limfuate mpaka ndani. Kokoto nilisomba mimi mwenyewe kwa karai. Nayasema haya ili mjue kwamba lami naijua kidogo. Miaka yote nilikuwa namsikia: gari dogo haliui lami ya nyumbani, kinachoiua ni jua na maji. Jua linaikausha mpaka inakuwa ya kijivu na kupasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, yanalowanisha kifusi cha chini, siku moja gari likipita panatitia. Ndiyo maana kila baada ya miaka mitatu hivi alikuwa anaziba nyufa na kupaka upya. Tangu aondoke, haikuwahi kupakwa.

Kipupwe kilichopita kilipokaribia kuisha nikaona njia imepauka kama jivu, na nyasi zimeota kwenye ufa karibu na stoo. Nikatafuta watu. Jina silitaji, ni kikundi kidogo kinachofanya kazi hizi majumbani. Tukakubaliana na bosi wao kwa simu: wasafishe, wazibe nyufa, kisha wapake emalsheni, ile lami ya maji, mikono miwili, yaani mara mbili, myembamba. Nikatanguliza nusu ya hela.

Siku ya kwanza alikuja kijana mmoja peke yake, na huyo nitamsifu mpaka kesho. Aling'oa nyasi na mizizi yake kwa kisu, akachokonoa udongo wote uliokuwa ndani ya nyufa, akafagia. Pale tunapoegesha gari palikuwa na doa la oili. Akalisugua kwa sabuni ya unga, akasuuza, akalisugua tena, maana mafuta yanayeyusha lami, na ukipaka juu ya doa haishiki. Sikumwelekeza hata kimoja. Akaacha pakauke. Alasiri akachemsha lami kidogo, akaimimina kwenye nyufa, akanyunyiza mchanga juu. Nilimpelekea chai na viazi nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mwanangu. Jioni ile mngeniuliza, ningesema waiteni watu hawa hata leo.

Siku ya pili akaja bosi na vijana wengine wawili, na pipa.

Saa moja asubuhi, Mbeya, umande bado unaonekana chini kwa macho! Nikamwambia, baba, subiri hata saa nne jua lipige, lami haishiki kwenye baridi na unyevu. Hakunijibu. Alikuwa anafungua pipa, na lilipofunguka ndipo moyo uliponilipuka, kwa sababu harufu iliyotoka ilikuwa ya gereji. Emalsheni nimeiona mara nyingi. Ni lami iliyosagwa ndogondogo ndani ya maji. Ukiimwaga ni ya kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, kisha maji yakianza kutoka inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Hii ilikuwa nyeusi tangu pipani, nyeusi ya kung'aa, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nikauliza, hii mmechanganya na nini?

Akaniangalia, akawageukia vijana wake, akasema, "Mama, mambo ya lami muulize mzee akirudi."

Mzee harudi. Nilisimama pale na kanga yangu mabegani nikakosa neno. Wale wawili walicheka. Yule wa jana hakucheka, aliinama akaendelea kufagia. Nikaingia ndani, nikawaacha wapake. Hilo linaniuma kuliko hela. Mimi niliyesomba kokoto za njia ile nikaingia ndani.

Kabla ya saa nne walikuwa wamemaliza, mkono mmoja mnene badala ya miwili. Iling'aa sana siku hiyo, jirani alipita akasifia, nami nikalipa iliyobaki. Wakasema gari lisipite siku mbili. Zikapita siku mbili, wiki, mwezi, bado inanata. Viatu vya wajukuu vimeleta weusi mpaka kwenye makochi. Nikamwita mzee mmoja aliyefanya kazi na mume wangu, akapitisha kidole, akanusa: oili chafu. Akanieleza kwamba hata barabarani lami hulegezwa, lakini kwa mafuta ya taa, ambayo yanapaa na kuiacha lami ikiwa ngumu. Oili ya injini haipai. Inakaa humohumo na kuilainisha mpaka lami ya zamani iliyo chini yake. Ile ya mume wangu.

Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliteremka na rangi za upinde wa mvua mpaka kwenye tuta langu la figili. Niling'oa zote nikatupa.

Nikampigia bosi. Haki yake nimpe, alikuja. Akakanyaga, kiatu kikanata, akanyamaza. Akanirudishia nusu ya hela palepale bila ubishi, na kesho yake akaleta magunia ya maranda kutoka kwa maseremala yanyonye ile oili. Yalisaidia. Hapo nikalegea kabisa. Nikajisemea labda na yeye aliuziwa pipa bovu, mbona watu wanadanganywa kila siku. Na nyufa alizoziba yule kijana, mvua zote hizi hakuna hata mmoja uliofunguka. Nilishaamua nisiandike kitu.

Lakini alipokuwa anaondoka akauliza, "Mzee hajarudi tu, tuongee naye?"

Mara ya pili. Nikamwambia mzee alishafariki, na lami uliyoiharibu ni kazi ya mikono yake. Akasema "pole mama", akawasha pikipiki. Neno nisamehe sikulisikia.

Kwa hiyo hapana, habari ya pipa bovu naifuta. Mtu aliyedanganywa angeshtuka nilipouliza, angeinama anuse mwenyewe. Huyu alijua. Msimwite. Mkimwita, basi iwe kwa nyufa tu, na mumwombe alete yule kijana.

Mimi namba ya kijana ninayo. Tumekubaliana kifuku kikiisha aje tukwangue yote, tuiache ipigwe jua siku kadhaa, ndipo tupake emalsheni kuanzia saa tano, mikono miwili, na pipa lifunguliwe mbele yangu.