Anki na zamu ya stendi: miezi tisa ya Kijapani nikisubiri abiria

Noah ninayoendesha kati ya Lindi na Mtwara huongea Kijapani kila nikiwasha. Sauti ya dada mmoja mpole, sekunde chache, kisha kimya. Abiria hucheka. Mimi ilikuwa inanikera: gari nalitunza mwenyewe, halafu linanisema nisielewe.

Kwanza nililipia programu moja ya masomo. Inataka bando muda wote, na ukiruka siku inakulilia kama mtoto. Nikaifuta. Kijana mmoja pale stendi ndiye aliyeniwekea Anki, programu ya kujifunza kwa kadi za maswali na majibu. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake kukariri. Kwenye Android ni bure. Wa iPhone mjiandae kulipa. Ukishashusha kadi zako, intaneti huihitaji tena. Unaona neno, unalijibu kichwani, unafunua, unakiri mwenyewe kama umekumbuka. Ulilosahau linarudi baada ya dakika moja. Ulilolishika linarudi kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha linapotea hata mwezi.

Muda? Zamu yangu ikiwa ya nne, nina saa nzima. Herufi 46 za hiragana, zile za mwanzo za Kijapani, nilizimaliza kwa wiki tatu, gari limezimwa, mpiga debe akitafuta vichwa. Safarini simu inakaa mfukoni. Kuanzia Mingoyo mpaka Mikindani narudia kwa mdomo tu. Matamshi hayamsumbui Mswahili: ka, ki, ku, ke, ko, kama darasa la kwanza. Balaa ni maana. Saba ni samaki, ndugu yake kibua. Pweza ni tako. Na dubu ana jina ambalo siwezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Hayo matatu sijayasahau hata siku moja.

Kilichoniangusha ni korosho. Minada ilipoanza Oktoba watu wakashika hela, gari likawa linajaa hata injini haijapoa. Siku 40 sikugusa kadi. Narudi Desemba, 612 zinanisubiri. Sikuwa na wa kumlaumu. Anki ni kama daftari la Mangi, deni halifutiki kwa kukwepa kupita dukani. Nikafunga kadi mpya zote, nikawa nalipa la zamani kidogo kidogo mpaka Januari. Siku hizi naweka mpya tano kwa siku, siyo zile 20 inazokuja nazo.

Kanji, herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, bado zinanitoa jasho. Zile za matumizi ya kawaida tu ni 2,136, na kwa hizo kadi peke yake hazinitoshi, naandika kwa mkono.

Mwezi uliopita nawasha gari, nikanasa neno moja: "kaado". Kadi. Wiki iliyofuata nikapata na mkia wake: haijaingizwa. Kumbe dada anadai kadi ya kulipia barabara za kwao Japani! Nikamwambia mama aliyekaa kiti cha mbele.

"Miaka yote hii anadai?" akauliza. "Mlipe basi, mwanangu, anyamaze."