Kihisi cha sukari: nyota nne kwangu, mbili kwa upande wa wazazi

Nina miaka 16, na kisukari aina ya 1 ninacho tangu nikiwa na miaka 9. Kihisi hiki nimekivaa miezi minane sasa, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya wiki ya kwanza.

Kupima kinajua. Unakibandika nyuma ya mkono, kinakaa siku 10, na kila dakika 5 kinatuma namba ya sukari kwenye simu (kwa mmol/L; chini ya 4 hivi ni kushuka) pamoja na mshale wa kuonyesha sukari inapanda au inashuka. Sugu za vidoleni zimeisha. Ila hakipimi damu. Kinapima majimaji ya chini ya ngozi, ndiyo maana kiko nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Umeshatafuna glukosi, mwili umeanza kutulia, namba bado inateremka. Mimi hilo nalijua. Mama hakulijua.

Hapo ndipo penye kero: ile sehemu ya kushirikisha familia. Nikiwa darasani na 4.2 yangu, ujumbe unaingia: "Umeuona mshale?" Nimeuona, Mama. Uko mkononi mwangu. Nikirudi nyumbani, kabla ya shikamoo kuitikiwa naulizwa saa tano nilikula nini.

Halafu kuna usiku. Ukiulalia mkono wenye kihisi, ngozi inabanwa na namba inaporomoka bure. Siku moja saa nane usiku nilishtuliwa na taa: Baba kashika kopo la glukosi, Mama kanishika shavu, kihisi kinadai 2.9. Tukatoboa kidole: 6.4. Tukabaki kutazamana watatu. Kulala tena, thubutu.

Ikafika mahali siogopi sukari, naogopa nani ataiona. Wiki moja nilikuwa nazima data nikisingizia mtandao. Sijivunii hilo.

Muuguzi wetu ndiye aliyetuonyesha kwamba simu za wazazi zinaweza kupangiwa viwango vyao, tofauti na vyangu. Mipangilio hiyo imefichwa ndani kabisa, tena inabadilishwa kwenye simu ya mzazi, mimi mwenye mkono sina usemi. Nyota mbili zimepotelea hapo. Mazungumzo yalichukua jioni nzima, Mama akitaka 4.5, mimi nikitaka kimya. Tukaafikiana: simu zao zilie nikifika 3.1, au nikikaa juu ya 15 kwa saa mbili. Katikati ya hapo ni kazi yangu.

Juzi katika mtihani nilishuka hadi 3.6. Nikatafuna vidonge vyangu, nikasubiri robo saa, nikafika 5.2, nikaendelea na swali la sita. Hakuna aliyepiga simu. Nilipofika nyumbani Mama akaniuliza, "Mtihani umekwendaje?" Nikamjibu vizuri. Simu yake ilikuwa mezani, wazi, kwenye grafu yangu.